Haya si Kizuizi cha Kipimo: Nasaha kwa Dada Zangu na kwa Waume Zao

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.



Jambo ninaloliandikia leo si jepesi kulitamka mbele ya watu, na yamkini baadhi ya wasomaji watashangaa kulikuta katika kurasa hizi. Mimi ni mwalimu wa madrasa, mwanamke wa miaka 38, mke na mama wa watoto wanne. Nimesoma dini kwa lugha ya Kiarabu hadi chuo kikuu, na kwa miaka kumi sasa nawafundisha wanawake watu wazima fiqhi ya tohara na swala. Naandika juu ya kipimo cha mlango wa kizazi, juu ya hofu iliyonizuia nisiende kupimwa, na juu ya jina zuri nililoipa hofu ile ili nisiitambue kuwa ni hofu. Niliiita haya.

Hoja yangu ni moja. Haya ni katika imani, wala hakuna Mwislamu anayelipinga hilo. Lakini woga unaovishwa vazi la haya si imani, na woga huo unawaua mama zetu na dada zetu kwa ugonjwa ambao aghalabu hutoa muhula wa miaka mingi kabla ya kuwa hatari.

Barua iliyolala kabatini

Miaka miwili iliyopita nilimpeleka mwanangu mdogo kituo cha afya kwa ajili ya chanjo. Muuguzi aliyekuwapo, mama mtu mzima, alikuwa akiwashauri wanawake wote waliotimiza miaka 30 wapimwe saratani ya mlango wa kizazi siku hiyo hiyo, bila malipo. Niliona aibu kukataa mbele ya wenzangu, nikaingia. Kipimo kilichukua dakika chache tu. Alipomaliza aliniambia kwa upole kwamba ameona weupe asioutarajia, na kwamba weupe huo una sababu nyingi. Akaniandikia barua niende hospitali kubwa nikatazamwe kwa darubini.

Barua ile niliiweka kabatini, ndani ya kamusi yangu ya Kiarabu, ikakaa humo miezi mitano. Mara ya kwanza nilisema nangojea madrasa ifunge. Ikaingia Ramadhani, nikasema huu si wakati wake. Ikapita Idi, nikasema huenda daktari ni mwanamume, nami ni mwalimu wa dini, watu watasemaje? Kila udhuru ulikuwa na sura ya uchaji. Usiku nilikuwa silali. Nilijiona nimekwisha kufa, watoto wangu wanalelewa na mwingine. Asubuhi nikiamka naenda kufundisha, na barua inabaki pale pale.

Kabla ya hapo nilishiriki kumwosha maiti mama wa mwanafunzi wangu mmoja. Mwosha maiti ameamrishwa kuyasitiri aliyoyaona, nami nayasitiri. Nasema tu yale ambayo jamaa zake waliyasema hadharani na wakaniruhusu kuyaandika. Mama yule alivuja damu kwa zaidi ya mwaka mmoja ilhali hedhi yake ilikuwa imekwisha kukatika. Aliwaambia wanawe kuwa ni mambo ya uzee. Alisema hawezi kulala mbele ya mtu asiyemjua akatazamwa. Alipozidiwa akapelekwa hospitali, akahudumiwa na watu wengi asiowajua, wanawake kwa wanaume, wakati ambapo hapakuwa na la kufanya ila kumtuliza maumivu. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Niliyajua yote haya, na bado barua yangu ilikuwa kabatini.

Kilichoniamsha ni darsa langu mwenyewe. Tulikuwa katika mlango wa istihadha, nikisimulia habari ya Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.), aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa damu yake haikatiki, akauliza je, aache swala? Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa hiyo ni damu ya mshipa, wala si hedhi, akamfundisha namna ya kujitwaharisha na kuswali. Mama mmoja darasani akaniuliza: "Ustadhati, hivi hakuona haya kumweleza Mtume jambo kama lile?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba haya yake haikumzuia kuitafuta haki. Nilipotamka maneno hayo niliona uso wangu unawaka. Nilirudi nyumbani, nikaitoa barua.

Haya ni ipi, na ipi siyo

Ndugu msomaji, tukizirejea Hadithi Sahihi tutaona kuwa mlango huu si mgeni. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Ummu Sulaym (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mwanamke anayeota ndoto ya kujamiiana, akatanguliza kusema kuwa Allah haoni haya katika jambo la haki. Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) amesimulia kuwa wao wanawake walitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu majeruhi. Wanavyuoni wakachukua humo dalili kuwa haja ya tiba ina hukumu yake.

Haya ya kweli humzuia mja kufanya maovu. Inapomzuia kufanya lililo wajibu au lenye maslahi juu ya nafsi yake, wanavyuoni wetu huiita udhaifu, si haya. Allah (s.w.) ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi (Suratul Baqara, aya ya 195), na Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kuwa hakuna ugonjwa alioushusha Allah ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Ama suala la nani amtazame mwanamke, hilo halikuachwa gizani. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwezi Juni mwaka 1993, liliweka utaratibu huu. Asili ni mwanamke atazamwe na daktari mwanamke Mwislamu aliyebobea. Asipopatikana, basi daktari mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu. Asipopatikana, daktari mwanamume Mwislamu. Asipopatikana naye, inafaa daktari mwanamume asiye Mwislamu. Na daktari akiwa mwanamume, atazame kwa kadiri ya haja tu, azuie macho yake kadiri awezavyo, na awepo mahram, mume au mwanamke mwaminifu ili pasiwe na faragha.

Tazama, dada yangu. Wanavyuoni wamepanga ngazi nne, na hakuna hata moja inayosema: "Asipopatikana mwanamke, basi kaa nyumbani ufe."

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya mlango wa kizazi, katika takriban hali zote, husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Mwanasayansi wa Kijerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua uhusiano huo. Virusi hivi vimeenea mno, na watu wengi walioingia katika maisha ya ndoa hukutana navyo wakati fulani bila kujua. Aghalabu mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hubaki, vikazibadilisha chembechembe za mlango wa kizazi polepole. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari hiyo hadi kufikia saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Ndugu zangu, huo ni muhula ambao Allah (s.w.) ametupa katika maradhi haya. Mabadiliko yakionekana mapema huondolewa kabla hayajawa saratani. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walifariki. Sehemu kubwa mno ya vifo hivyo ilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Muhula upo, lakini tunauacha upite.

Kipimo kinavyofanyika

Hofu yangu kubwa ilitokana na kutojua. Nilidhani darubini ni kitu kinachoingizwa tumboni. Basi niwaeleze dada zangu niliyoyaona, kwa lugha ya sitara.

Kipimo cha awali katika vituo vyetu vingi ni kile cha siki. Mhudumu huupaka mlango wa kizazi maji ya siki hafifu, yenye asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kisha hungoja kiasi cha dakika moja. Sehemu yenye chembechembe zilizobadilika huwa nyeupe, na jibu hutoka hapo hapo. Tukumbuke kuwa si kila weupe ni saratani, kwani hata maambukizo ya kawaida huweza kuuleta. Upo pia uchunguzi wa kutafuta virusi vyenyewe, na Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe sampuli yake kwa kijiti maalumu, akiwa peke yake nyuma ya pazia. Kwa wenye haya nyingi, huu ni mlango mwepesi, nao unastahiki kuulizwa hospitalini.

Kipimo cha darubini ni hatua ya pili, kwa yule aliyeonekana kuwa na dalili. Darubini yenyewe haiingii mwilini kabisa. Husimama nje, mbele ya kitanda, ikikuza kile daktari anachokitazama. Kinachoingia ni kile chombo cha kufungulia njia, chenye umbo kama mdomo wa bata, ambacho wengi wetu tulikwisha kukiona wakati wa uzazi.

Siku ya kwanza niliyokwenda hospitali haikuwa nzuri. Karani alisoma barua yangu kwa sauti mbele ya watu waliojaa katika benchi, nikatamani ardhi ipasuke nizame. Kisha nikaambiwa kuwa daktari wa siku hiyo ni mwanamume. Nilipouliza kwa adabu kama yupo mwanamke, muuguzi akanijibu bila kukasirika kuwa yupo, na zamu yake ni Jumatano. Miezi mitano nilikuwa nikilia kwa jambo ambalo swali moja lilitosha kulimaliza.

Jumatano nilirudi na dada yangu mkubwa. Nilivaa gauni pana, nikachukua na kanga mbili, moja ya kujifunika miguu na nyingine ya kutandika. Daktari alikuwa mwanamke asiye Mwislamu, na namshuhudia Allah kuwa alinisitiri kama ndugu yake. Alifunga mlango, akavuta pazia, akanieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Akaniambia pia kuwa nikisema "simama" atasimama. Nilihisi ubaridi wa chombo na kusukumwa kidogo. Siki iliwasha kidogo. Alipochukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara, nilihisi kama kufinywa, kisha maumivu kama ya siku ya kwanza ya hedhi. Kazi yote haikufika dakika 20. Siku chache zilizofuata nilitokwa na damu kidogo kama alivyonitahadharisha. Aliniambia pia kuwa damu ikiwa nyingi, au nikipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, nirudi haraka bila kungoja.

Namna ya kuikabili hofu

Dada zangu, kuogopa si dhambi. Nabii Musa (a.s.) aliogopa, na Qur'ani imeieleza hofu yake bila ya kumtia aibu. Lililo baya ni kuiachia hofu ikuamulie. Nayaeleza hapa yaliyonifaa mimi.

Kwanza, elimu. Nenda na maswali yako yameandikwa katika karatasi. Nitafanywa nini? Nitaumia kiasi gani? Jibu linatoka lini, na nani atanijulisha? Akili yenye khofu husahau, na karatasi haisahau. Uliza pia siku ya miadi, kwani kipimo hakifanywi vizuri wakati wa hedhi, na kwa kawaida huelekezwa mke na mume wajizuie siku moja au mbili kabla yake.

Pili, mwenzi. Usiende peke yako. Chukua dada, mama, wifi au shoga unayemwamini, awe nawe hadi ndani ukipenda. Huko ndiko kutekeleza hukumu ya kutokuwa na faragha, na pia mkono wa kushika wakati wa dhiki.

Tatu, mwili. Daktari alinifundisha kulegeza mapaja na kutoa pumzi taratibu, kwani mwenye kujikaza huumia zaidi. Nikawa navuta pumzi, na katika kuitoa nataja jina la Allah. Dhikri na pumzi vilikwenda pamoja, na moyo ukatulia.

Nne, dua. Miongoni mwa dua ambazo Mtume (s.a.w.) alikuwa akizikithirisha, kama alivyosimulia Anas (r.a.), ni kujikinga kwa Allah na "hamm" na "hazan". Hamm hii si hamu ya Kiswahili. Wanavyuoni wa lugha wameeleza kuwa ni dhiki ya moyo kwa jambo ambalo bado halijaja, na hazan ni majonzi juu ya lililokwisha kupita. Dhiki yangu ya miezi mitano yote ilikuwa hamm, nikililia kaburi ambalo sikuwa nimechimbiwa. Dua hiyo niliihifadhi tangu utotoni, lakini niliielewa siku ile kitandani.

Tano, kungojea. Wiki tatu za kusubiri majibu ya maabara zilikuwa nzito kuliko kipimo chenyewe. Nilimwambia mume wangu ukweli wote, nikaendelea kufundisha, nikajizuia kuwauliza watu wasio na elimu. Lenye kuhitajia sharti ni hili: siku ya majibu ikifika, nenda ukayachukue. Kupimwa kisha kuyakimbia majibu ni kupanda shamba na kuliacha wakati wa mavuno.

Wapo wanaosema, "Nikipimwa ndipo nitakapoupata ugonjwa, na kila kitu ni qadari." Hawa tuwakumbushe kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipoelekea Sham akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Aliamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika qadari ya Allah kuelekea qadari ya Allah. Ugonjwa ni qadari, kipimo ni qadari, na tiba nayo ni qadari. Kutegemea kwa kweli ni kumfunga ngamia kwanza.

Majibu yangu yalipokuja, yalionyesha mabadiliko ya awali yanayohitaji kutibiwa, si saratani. Nilichomwa sindano ya ganzi, sehemu ile ikaondolewa kwa waya mwembamba wa umeme, nikarejea nyumbani siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka nilipimwa tena, na Alhamdulillah, nilikutwa salama. Najiuliza, kama barua ile ingekaa kabatini miaka mitano badala ya miezi mitano, ingekuwaje?

Masuala ya ibada

Wanawake wa darsa wameniuliza sana maswali haya, nami nayajibu kwa ufupi.

Kutazamwa na daktari hakuwajibishi josho la janaba. Kinachotakiwa ni kutia udhu upya unapotaka kuswali. Damu inayotoka kwa sababu ya kukatwa kinyama ni damu ya jeraha, si hedhi, kwa hiyo swala haiondoki. Mwanamke atajisafisha, atajifunga vizuri, na atatia udhu kwa kila swala ya faradhi, mfano wa mwenye istihadha. Ama saumu, Baraza la Fiqhi nililolitaja, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kifaa cha uchunguzi au kidole cha daktari kuingia ukeni hakubatilishi saumu. Lakini sisi wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo yanaona kuwa saumu inabatilika kwa hilo. Kwa hiyo, kama hali si ya haraka, bora kipimo kifanyike nje ya mchana wa Ramadhani, ili kujitoa katika khitilafu. Na kama hali ni ya haraka, mgonjwa ana ruhusa yake, na siku moja ya kulipa ni nyepesi kuliko roho.

Nasaha kwa waume

Enyi baba zetu na kaka zetu, yapo mambo mawili mkononi mwenu.

La kwanza ni ruhusa na nauli. Wapo wanawake walioniambia kuwa hawaendi kupimwa kwa sababu wanaogopa kumwambia mume. Mume ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Asiyetaka mkewe atazamwe na daktari mwanamume, basi na aamke alfajiri akatafute ni hospitali gani ina daktari mwanamke na siku gani. Ghera isiyotoka kitandani haimsaidii mgonjwa.

La pili ni zito zaidi. Baadhi yetu wakisikia kuwa virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, hukimbilia kusema: "Umeupata wapi?" Jambo hili ni la hatari katika dini. Virusi hivi hupatikana hata katika ndoa ya halali, na vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mke aliyeolewa mara ya pili anaweza kuwa navyo tangu ndoa ya kwanza, na mume anaweza kuvichukua bila ya kujua wala kuhisi. Jibu la kipimo halionyeshi vimetoka kwa nani wala lini. Kwa hiyo si ushahidi wa zinaa, si kwa mke wala kwa mume. Na mwenye kumtuhumu mwanamke mtwaharifu bila ya mashahidi wanne, hukumu yake imo ndani ya Suratun Nur, nayo si nyepesi. Nimeona ndoa ikitikisika kwa neno moja la namna hiyo, na mke akaapa kutorudi hospitali tena. Aliyelitamka neno lile ajue kuwa ana sehemu yake katika litakalompata mkewe.

Nasaha kwa viongozi wa misikiti

Maimamu na walimu wenzangu, tumekuwa hodari wa kudai madaktari wanawake Waislamu. Tumekaa vikao na kulalamika kuwa hospitali hazitujali. Lakini binti akifaulu hesabu na sayansi, ni nani miongoni mwetu anayemhimiza kuendelea? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilalamika katika Ihya kuwa miji mingi haina tabibu isipokuwa asiye Mwislamu, ilhali utabibu ni faradhi ya kutoshelezana na watu wamesongamana katika elimu ya khitilafu na mijadala. Yamepita zaidi ya miaka 900, na maneno yake yanatugusa kama vile alisali nasi Ijumaa iliyopita.

Naomba mambo manne tu. Khatibu aitaje saratani hii walau mara moja kwa mwaka, kwa lugha ya heshima. Kila darsa la wanawake lialike muuguzi au daktari mwanamke aeleze na ajibu maswali. Uongozi wa msikiti uende hospitali iliyo karibu, uulize siku za zamu za madaktari wanawake, na tangazo libandikwe upande wa kinamama. Na sanduku la msikiti, ambalo husaidia mazishi, lisaidie pia nauli ya mwanamke masikini aliyepewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Kumsafirisha akiwa hai ni bora kuliko kumnunulia sanda. Na wazazi wenye mabinti wa umri wa chanjo dhidi ya virusi hivi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, waulize kwa wataalamu wasichukue fatwa ya barabarani.

Kwako dada yangu ambaye umepewa barua na umeificha, kabatini, chini ya godoro au ndani ya msahafu: sikuhukumu, kwa sababu nilikuwa wewe. Itoe leo. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Uliza daktari mwanamke yupo siku gani. Chukua kanga zako mbili, umtaje Allah, uende. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tulifunua kwa ajili ya kuleta uhai wa wengine duniani. Nafsi zetu nazo zina haki juu yetu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, atupe haya inayotuepusha na maasi na ujasiri unaotufikisha katika haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.